Visahani vinavyoning'inia kwa uzi: kwa nini muvi za anga za vichekesho na bajeti kiduchu hazichuji?

#1 Mleta uzi

Wakuu,

Kuna kundi la muvi ambalo kwa hesabu za kawaida lingekuwa limesahaulika kitambo. Bajeti kiduchu, kuta za maboksi zinazotikisika mlango ukifungwa, viumbe wa sayari nyingine waliovaa suti za sokwe, na mazungumzo mazito yanayotamkwa kwa uso mkavu huku pazia la nyuma likipepea. Wakosoaji walizichana, majumba ya sinema yakaziondoa haraka, na wengi waliozitengeneza hawakuambulia kitu. Miaka inakwenda, muvi kubwa za mwaka uleule hakuna anayezitaja, na hizi bado zinaonyeshwa, zinasafishwa upya picha na sauti, watu wanashona mavazi ya wahusika na kukariri mazungumzo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nazipenda kwa dhati, na jibu la kila siku kwamba watu wanazitazama kwa sababu ni mbovu halijawahi kunitosha. Muvi mbovu zipo maelfu, na nyingi zinachosha. Dakika ya ishirini umeshasinzia. Ubovu peke yake haumkalishi mtu kwenye kiti. Hoja yangu ni kwamba ndani ya hizi zinazodumu kuna mtu aliyeiamini hadithi yake kuliko uwezo wa mfuko wake, na pale mfuko ulipoishia ndipo mtazamaji anapoingia kufanya kazi. Unaona uzi, unaona zipu mgongoni mwa jitu, na bado unaamua kwenda nalo. Uamuzi huo ukishaufanya, muvi inakuwa yako.

Chukueni Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, iliyopigwa picha 1956 na kuonyeshwa mara ya kwanza 1957. Viumbe wa anga wanafufua maiti ili kuwazuia binadamu wasije wakavumbua bomu la kulipua mwanga wa jua. Wood alikuwa na vipande vifupi tu vya Bela Lugosi, yule wa Dracula ya 1931, alivyokuwa amempiga picha kabla mzee hajafariki Agosti 1956. Mtu mwingine angevitunza kabatini kama kumbukumbu. Wood akavijengea muvi nzima. Sehemu zilizopungua akamweka Tom Mason, mtaalamu wa kunyoosha viungo aliyekuwa akimtibu mkewe, mtu asiyefanana na Lugosi hata kidogo, akapita mbele ya kamera kajifunika uso kwa joho. Fedha zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti, na baadhi ya waigizaji walikubali kubatizwa ili kazi isonge. Visahani vya anga ni vya kuchezea, vinaning'inia kwa nyuzi. Watu wanaondoka mchana, wanafika makaburini usiku, wakigeuka ni mchana tena.

Sasa sikilizeni hotuba ya Eros, kiumbe wa anga, anapowafokea binadamu. Anawahesabia: mlianza na fataki, mkaja bomu la mkono, mkaja atomiki, mkaja haidrojeni, na bado hamjatosheka. Kama uandishi, hotuba ile imepinda kila upande. Lakini aliyeiandika aliishi miaka ambayo Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wakilipua mabomu hayo hewani kwa majaribio, na hofu yake ni ya kweli. Hofu ya kweli imevalishwa joho la satini. Hicho ndicho kinachonirudisha pale kila mara, na ndiyo maana nimeanzisha uzi huu.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji

Mkuu umenena. Swali: kwa nini iwe muvi za anga na sayansi? Muvi za mapenzi za bajeti ndogo zipo kibao, mbona chache mno zina mashabiki lialia wa namna hii?

#3 Mleta uzi

Swali zuri mno.

Hadithi ya mapenzi inahitaji watu wawili na benchi. Benchi la bei rahisi na benchi la bei ghali yote ni mabenchi, kwa hiyo bajeti ikiwa ndogo muvi inafifia tu, haionyeshi kidonda chake. Muvi ya sayansi ya kubuni imejifunga yenyewe: imeahidi kukuonyesha kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Lazima chombo kiruke, lazima kiumbe kitokee. Siku ya kupiga picha ikifika na fedha hakuna, mwongozaji ana njia mbili, aache au atumie kilichopo. Wale tunaowapenda walitumia kilichopo.

Robot Monster ya Phil Tucker, 1953, ndiyo shule ya jambo hili. Tucker alihitaji roboti kutoka anga. Suti ya roboti ilikuwa nje ya uwezo wake, lakini alimfahamu George Barrows, mwigizaji aliyekuwa na suti yake mwenyewe ya sokwe. Wakachukua suti, juu yake wakaweka kofia ya mpiga mbizi yenye antena, wakamwita Ro-Man. Makao yake makuu ni pango la Bronson Canyon pale Los Angeles, na chombo chake cha mawasiliano kina mashine ya kutoa mapovu ya sabuni. Muvi ilipigwa kwa siku nne. Muziki ni wa Elmer Bernstein, kijana wakati huo, ambaye baadaye aliandika ule wa The Magnificent Seven ya 1960. Na hakubania, muziki ni mzito na wa huzuni kana kwamba anaandikia mkasa wa mfalme.

Na kweli ndani mna mkasa. Ro-Man ameagizwa awaue binadamu wa mwisho waliobaki duniani, akampenda binti mmoja kati yao. Kuna mahali anasimama peke yake juu ya mwamba, sokwe mwenye kofia ya chuma, anajiuliza ni wapi ndani ya mahesabu yake panapokutana "lazima" na "siwezi". Kichekesho kipo, nani asicheke? Lakini swali lenyewe halina mzaha: aliyeumbwa kutii amegundua ana moyo. Muvi za roboti za mamilioni bado zinauliza hilohilo, na nyingi haziulizi kwa uwazi ule.

Ndiyo maana nasema sayansi ya kubuni. Pengo kati ya ukubwa wa wazo na udogo wa vifaa ndiko kicheko kinakotoka, na wazo likiwa kubwa kweli, kicheko kikiisha linabaki.

#4 Mchangiaji

Naomba niongezee Dark Star, 1974. Hii ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha USC, John Carpenter na Dan O'Bannon, ikapigwa kwa vipindi miaka kadhaa kila fedha zilipopatikana. Mabaharia wanne wa anga wamekaa safarini muda mrefu mno, ndevu zimewajaa, wamechokana, kazi yao kulipua sayari zisizo imara. Kiumbe wa sayari nyingine waliyemfuga humo ndani ni mpira wa kuchezea ufukweni, uliopakwa rangi na kuwekewa miguu ya kucha. O'Bannon mwenyewe ndiye anayeufukuza chomboni, na unamtoa jasho kwelikweli hadi ananing'inia kwenye shimo la lifti.

Lakini kilele ni bomu namba 20. Ni bomu lenye akili, linaongea, na limekwama likiwa limeshaamriwa kulipuka. Njia pekee iliyobaki ni kulishawishi kwa hoja. Nahodha wa muda anatoka nje ya chombo na kuanza kulifundisha falsafa: unajuaje kwamba upo? Unajuaje kwamba amri uliyoipata ni ya kweli? Bomu linakubali kwamba haliwezi kuwa na uhakika wa chochote isipokuwa fikra zake lenyewe. Linarudi ndani kutafakari. Na kwa kuwa sasa linaamini ni lenyewe tu lililopo katika utupu, linahitimisha kwamba ni jukumu lake kuumba mwanga.

Nimesoma vitabu vya falsafa visivyoeleza hatari ya shaka kwa ufasaha wa bomu lile. Na tukumbuke O'Bannon huyuhuyu ndiye aliyekuja kuandika Alien ya 1979: chombo kilekile chenye mabaharia waliochoka, kiumbe kilekile kilichojificha korido. Safari hii watu wakapiga mayowe badala ya kucheka.

#5 Mchangiaji

Ule mpira unavyopiga kucha zake sakafuni! Hakuna kompyuta itakayokuja kunifurahisha vile.

#6 Mchangiaji

Wakuu, mimi nina neno gumu kidogo, mnivumilie.

Mnazungumzia upendo, lakini historia ya muvi hizi ina ukatili mwingi. Ed Wood alifariki Desemba 1978 akiwa na miaka 54, masikini, mlevi, ametolewa kwenye nyumba aliyopanga siku chache kabla. Miaka miwili baadaye, 1980, kitabu cha The Golden Turkey Awards cha ndugu wawili, Harry na Michael Medved, kikampa Plan 9 taji la muvi mbovu kuliko zote na Wood taji la mwongozaji mbovu kuliko wote. Umaarufu wake ulianzia hapo: watu walimiminika kumcheka mtu aliyekufa bila kuonja sifa. Mtu amejitolea roho yake, sisi tumekaa na bisi tunacheka jinsi alivyoshindwa. Huo ni upendo gani? Tunaweza kuupamba tunavyotaka, lakini kwangu mimi mwanzo wake una doa.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, hili ni neno zito na sitalikwepa.

Doa lipo. Kile kitabu kilikuwa cha kuchekesha kwa kukejeli, na kicheko chake cha kwanza kilikuwa cha mtu aliyesimama juu akimtazama aliye chini. Lakini tazama kilichofuata. Watu walioingia ukumbini kukejeli hawakutoka walivyoingia. Ukikaa na Plan 9 mara ya pili, ya tatu, unaanza kumwona mtengenezaji. Unajiuliza alimwambia nini Tom Mason siku ile. Unaona amepanga kila kitu kumzunguka rafiki yake marehemu ili jina lake liwemo mara ya mwisho. Dharau haina pumzi ya kutazama muvi mara ya tatu, mkuu. Mwenye dharau alishaondoka zamani, akabaki aliyependa.

Ushahidi wangu ni muvi ya Tim Burton, Ed Wood, ya 1994. Burton ni mtoto wa muvi hizi, amekua akizitazama, na alipopata nguvu ya kutengeneza anachotaka akapiga picha nyeusi na nyeupe ya maisha ya Wood bila kumkejeli hata mara moja. Martin Landau akapata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Lugosi mzee. Lugosi mwenyewe hakuwahi kuipata.

Hata wale wa Mystery Science Theater 3000, kipindi kilichoanza Novemba 1988 kwenye kituo kidogo cha televisheni cha Minneapolis, mtu mmoja na roboti zake wakitazama muvi mbovu na kuzisemesha: wametania mamia ya saa, lakini wamezitazama kwa makini kuliko mkosoaji yeyote. Muvi nyingi walizozionyesha zingekuwa zimesahaulika kabisa. Utani wao ni wa watu wa nyumba moja.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba Wood alidhulumiwa. Ninachokataa ni kwamba tunaotazama leo tunaendeleza dhuluma hiyo. Tunalipa deni, kwa kuchelewa.

#8 Mchangiaji

Ngoja niingie na mama yao wote, maana naona mnazunguka.

The Rocky Horror Picture Show ilitoka 1975. Kabla yake ilikuwa tamthilia ya muziki ya Richard O'Brien, iliyoanza Juni 1973 katika ukumbi mdogo wa juu wa Royal Court Theatre, London. Vijana wawili waliochumbiana, Brad na Janet, gari lao linapata pancha usiku wa mvua, wanabisha hodi kwenye kasri, na mwenye kasri ni Dk. Frank-N-Furter, mwanasayansi aliyevaa soksi ndefu za wavu na viatu vya visigino, mgeni kutoka sayari nyingine, ambaye usiku uleule anazindua mtu aliyemuumba maabara. Tim Curry anaicheza nafasi ile kana kwamba dunia nzima ilijengwa ili yeye ashuke na ile lifti. Wimbo wa kwanza wenyewe ni barua ya mapenzi kwa muvi za anga za zamani, unazitaja moja baada ya nyingine.

Ilipotoka ilidoda. Miji mingi iliondolewa upesi. Tarehe 1 Aprili 1976 ikawekwa usiku wa manane pale Waverly Theater, New York, na hapo ndipo hoja ya mleta uzi inapothibitika. Watu wakaanza kurudi wiki baada ya wiki. Mtu mmoja akaijibu skrini kwa sauti. Wengine wakafuata. Harusi ikija kwenye muvi, wanarusha mchele. Mvua ikinyesha kwa Brad na Janet, waliokaa mbele wanafunika vichwa kwa magazeti na waliokaa nyuma wanamwaga maji. Baadaye wakajitokeza waliovaa kama wahusika na kuigiza muvi nzima mbele ya skrini wakati muvi yenyewe inaendelea nyuma yao. Haijawahi kuondolewa rasmi sokoni tangu 1975. Pale Munich, Ujerumani, jumba la Museum Lichtspiele linaionyesha kila wiki tangu 1977. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi.

Sasa niseme kilicho moyoni. Ile muvi ina mapengo. Wahusika wanasema sentensi, wananyamaza kidogo mno kuliko kawaida au zaidi ya kawaida, kisha wanaendelea. Ukiitazama peke yako nyumbani, mapengo yale yanaonekana kasoro. Ukumbini yamejaa. Kila pengo lina jibu lake, na jibu limepokezwa kutoka kwa waliotangulia, linabadilika kidogo kila kizazi. Na aliyekuja amevaa namna ambayo kwingine angetazamwa vibaya, pale anapigiwa makofi kwa jinsi alivyoshona. Kuna watu walikuwa wapweke kabisa hadi usiku walipoingia katika ukumbi ule. Muvi ya kubuniwa vizuri kila kona isingewapa nafasi hiyo, maana isingekuwa na pa kuingilia.

#9 Mchangiaji

#8 umenitoa machozi, na sitanii.

#10 Mchangiaji

Mimi ni mtu wa ufundi, naomba nitetee upande huo, maana kuna wanaodhani muvi hizi ni uzembe.

The Little Shop of Horrors ya Roger Corman, 1960: picha kuu zilipigwa kwa siku mbili na usiku mmoja, kwenye mapambo yaliyobaki ya kazi nyingine. Kijana wa duka la maua anafuga mmea unaokula watu. Jack Nicholson yumo, hajulikani na mtu, anaigiza mgonjwa anayefurahia kung'olewa meno. Mwaka 1982 Howard Ashman na Alan Menken wakaigeuza tamthilia ya muziki, na 1986 Frank Oz akaitengeneza upya kama muvi ya studio.

Sikilizeni sasa ule mmea wa 1986 ulivyofanyiwa kazi. Hakuna kompyuta. Ni sanamu ya mpira inayovutwa kwa nyaya na vyuma, na ile kubwa kabisa ilihitaji makumi ya watu waliojificha chini yake. Tatizo: midomo mizito kiasi kile haiwezi kwenda na kasi ya wimbo. Wakapunguza kasi ya kamera, badala ya fremu 24 kwa sekunde wakapiga 16 au 12, ili picha ikirudishwa kasi ya kawaida mmea uimbe sawasawa. Maana yake Rick Moranis, anayemcheza yule kijana, aliyekuwa naye kwenye picha ileile ilimbidi aigize polepole, afungue mdomo polepole, ageuze shingo polepole, ili akija kuongezwa kasi aonekane mtu wa kawaida. Itazameni tena mkilijua hilo. Mtu yule anaongea na mmea, anaogopa, anasihi, na hakuna hata chembe ya kasoro.

Na mwisho wake una kisa. Mwisho wa awali ulifuata tamthilia: kijana na mpenzi wake Audrey wanaliwa, mimea inateka miji, imepanda hadi juu ya majengo. Mafundi wa vijiji vidogo vya mfano walifanya kazi kubwa na ya gharama mno. Walipowaonyesha watazamaji wa majaribio, watu waliipenda hadi wawili wale walipokufa, kisha ukumbi ukapoa. Oz alieleza sababu: kwenye jukwaa waliokufa wanarudi kuinama na kupigiwa makofi, kwenye sinema hawarudi. Ikabidi mwisho upigwe upya, wapenzi wapone. Ule wa kwanza ulikaa hadi 2012 ndipo ukatolewa ukiwa umesafishwa. Mimi naupenda ule wa giza, lakini naelewa kwa nini watu walikataa; walikuwa wameshampenda Audrey.

#11 Mchangiaji

Nondo tupu. Haya, mleta uzi, nikubane kidogo. Kama siri ni imani ya mtengenezaji, vipi wanaofanya makusudi? Sharknado ya 2013 imetengenezwa ili ichekeshe kwa ubovu, ikazaa nyingine tano. Mars Attacks! je? Galaxy Quest je? Wale wote walijua wanachofanya.

#12 Mleta uzi

Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, aliligusa hili katika insha yake ya 1964: aliona kwamba mbwembwe zisizojijua, zinazotoka kwa mtu aliye makini kabisa, ndizo tamu kuliko zile za kukusudia. Nakubaliana naye nusu. Kukusudia si tatizo. Tatizo ni kukusudia ubovu.

Sharknado ya kwanza niliitazama kwa furaha, sikatai. Papa wanazolewa na kimbunga, wanaanguka mjini, nani hatafurahi? Lakini muvi ile inajikonyezea. Inakuambia mapema kwamba hakuna aliyeichukulia kwa uzito, basi nawe usijisumbue. Hakuna pengo la kujaza, kwa sababu kicheko wamekuchekea wenyewe. Zile zilizofuata nimeshindwa kuzitofautisha.

Linganisha na Flash Gordon ya 1980, ya Mike Hodges. Walijua vizuri wanatengeneza mbwembwe. Mwandishi wake, Lorenzo Semple, ndiye aliyekuza ile Batman ya televisheni ya 1966. Anga lote ni jekundu na la dhahabu, muziki ni wa Queen, watu wenye mabawa wanashambulia roketi. Lakini mtazameni Max von Sydow akiwa mfalme Ming. Huyu ndiye aliyecheza chesi na Kifo katika The Seventh Seal ya 1957, na hapa, chini ya joho zito la rangi, hapunguzi hata robo ya uzito wake. Anamaanisha kuiangamiza Dunia. Naye Brian Blessed ananguruma kana kwamba amesubiri maisha yake yote apewe mabawa. Walijua, na bado walijitoa.

Mars Attacks! ya Burton, 1996, inatokana na kadi za watoto za kampuni ya Topps za mwaka 1962, na ukatili wake umetoka kwenye kadi zilezile: wageni wanaosema wamekuja kwa amani huku wanachoma kila kitu. Majenerali wanashindwa, wanasayansi wanashindwa, na kinachopasua vichwa vya Wamirihi ni wimbo wa zamani wa Slim Whitman anaousikiliza bibi kizee ambaye familia yake haimtilii maanani. Aliyewaza hivyo anawapenda bibi vizee na nyimbo zao. Huwezi kulifikiria hilo kwa dharau.

Galaxy Quest, 1999, kwangu ndiyo muvi iliyoeleza uzi huu wote kabla sijauandika. Waigizaji wa kipindi cha anga kilichofutwa zamani wanaishi kwa kusaini picha kwenye makongamano ya mashabiki. Wanafuatwa na viumbe wa kweli, Wathermian, ambao hawajui kitu kinachoitwa uongo; wameona kipindi kile wakadhani ni kumbukumbu za historia, wakajenga chombo kizima kwa kuiga maboksi na taa za studio. Na kinafanya kazi! Alan Rickman anamcheza mwigizaji aliyechoshwa na msemo mmoja wa mhusika wake, anautamka kwa karaha muvi nzima. Kisha kijana wa Kithermian aliyemwona kama baba anakufa mikononi mwake, naye anautamka ule msemo wa kipuuzi kwa mara ya kwanza kwa moyo wote. Ukumbi unaoucheka msemo ule dakika sitini zilizopita unanyamaza. Maneno hayajabadilika hata herufi.

#13 Mchangiaji

Mmeisahau Bad Taste ya Peter Jackson, 1987, New Zealand. Alipiga wikiendi na marafiki zake kwa takriban miaka minne, kila mtu ana kazi yake katikati ya wiki. Barakoa za viumbe wa anga alizioka kwenye oveni ya mama yake. Viumbe wenyewe wamekuja kuvuna nyama ya watu kwa ajili ya mgahawa wa sayari nyingine. Jackson anacheza wahusika wawili, na kuna mahali wanapigana wao kwa wao ukingoni mwa jabali: mmoja ana ndevu na mwingine hana, kwa hiyo picha za kila upande zilipigwa nyakati tofauti kabisa. Tume ya Filamu ya New Zealand ikatoa fedha za kumalizia. Mtu huyuhuyu muvi yake ya 2003 ilizoa tuzo 11 za Oscar. Mwenye macho angeuona ufundi ule tangu jabalini. Tahadhari tu, damu na matapishi ni mengi, usitazame ukiwa unakula.

#14 Mchangiaji

Na Attack of the Killer Tomatoes ya 1978. Ile helikopta inayoanguka mwanzoni ilianguka kweli, ajali ya bahati mbaya wakati wa kupiga picha, waliokuwemo wakatoka salama. Kamera ilikuwa inazunguka, wakaiacha ndani ya muvi wakatunga mazungumzo ya kuielezea. Nyanya zenyewe nyingi zinasukumwa tu zibingirike.

#15 Mchangiaji

Nimesoma uzi mzima bila kuruka. Sijawahi kutazama hata moja kati ya hizi. Nianzie wapi?

#16 Mleta uzi

Karibu sana ndugu. Usianze na Plan 9, ingawa nimeifungulia uzi. Inahitaji jicho lililokwisha kuzoea. Anza na Galaxy Quest, maana imetengenezwa vizuri kwa kipimo chochote na itakufundisha moyo wa jambo lenyewe. Ifuate Little Shop of Horrors ya 1986, na ukiweza tazama miisho yote miwili. Kisha Dark Star, usiku, ukiwa umetulia. Ina polepole yake, usiikimbize.

Rocky Horror usiitazame peke yako mara ya kwanza. Subiri usiku inapoonyeshwa na watu, ukae katikati, usijali kutojua majibu. Watakaokuzunguka watakufundisha.

Baada ya hapo uko tayari kwa Robot Monster na Plan 9, kwa mfululizo huo.

Ya mwisho iwe The Adventures of Buckaroo Banzai Across the 8th Dimension, 1984. Stelingi ni daktari wa upasuaji wa ubongo, mwanafizikia na mwanamuziki wa roki kwa wakati mmoja. Wageni wa anga wote wanaitwa John. Muvi inakwenda kana kwamba umeshatazama sehemu kumi zilizotangulia, haisimami kukueleza chochote, na mwishoni inatangaza sehemu ya pili ambayo haikutengenezwa hadi leo. Kuna tikiti maji limebanwa ndani ya mashine maabara. Mmoja anauliza linafanya nini pale, mwenzake anamjibu atamweleza baadaye, na hamwelezi. Mashabiki wamelijadili tikiti lile kwa miongo minne. Ukifika hapo, rudi kwenye uzi huu utupe nadharia yako. Mimi yangu nimeshaiandaa.